Simu ya Bahati kwenye Mteremko wa Ngungu

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hunishtua hadi leo kila ninaposhika usukani wa baiskeli. Nilikuwa kijana, nimerudi Ngungu na diploma yangu ya ufundi, niliyoisomea Goma kwa kubeba mizigo sokoni, bila mjomba wala mfadhili. Sioni haya kujisifu. Jasho langu silifichi.

Mguu wa mama ulikuwa umevimba, hawezi kutembea hadi kituo cha afya. Kaka yangu mkubwa, Bahati, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba watu kwa baiskeli, alimkalisha nyuma yake. Mimi nilifuata kwa baiskeli yangu.

Juu ya kilima, mahali pekee ambapo rezo, yaani mtandao wa simu, inashika, simu yake mpya ililia. Wateja. Bahati akaona haifai tena kukaa mfukoni. Akatoa kamba za mpira, zile tunazokata kutoka mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu, akaifunga kwenye usukani, karibu na mkono wa breki. Alizungusha mpira hadi simu ikakaa kama imeota pale. Nikamtania kwamba ameifunga kama mbuzi wa mahari. Akanijibu kuwa simu yake angalau inalia, diploma yangu inanyamaza tu.

Breki za baiskeli ile ni za fimbo: ukivuta mkono, chuma kilicho chini ya usukani hupanda. Kamba zilikuwa zimekikaba chuma hicho, na breki ya upande wa pili ilikufa zamani.

Kwetu abiria hushuka mteremkoni akatembea. Mama hakuweza. Kwenye kona ya kwanza nikaona baiskeli yao inanikimbia, mama ameshika shati la Bahati kwa mikono miwili. Nikaelewa.

“Kaka, kata ile mupira!”

“Simu itaanguka!” akajibu.

Nilipigwa na bumbuwazi. Mama mzazi yuko nyuma yake, bonde liko mbele yake, naye anahurumia simu. Mwishowe akaigongesha baiskeli kwenye ukingo wa shamba. Mama akarushwa kwenye matuta ya viazi, mkono ukavunjika. Simu haikupata hata mkwaruzo.

Bahati akapiga magoti akilia. Mama aliitazama simu, kisha akamtazama yeye. Hakupaza sauti.

“Bahati, simu ulifunga muzuri. Miye ulinifunga na nini?”

Nimesoma shule nyingi, mwanangu. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza swali zito kama lile.

Sikukatazi simu. Ifunge katikati ya usukani, mbali na fimbo na waya za breki. Tandika kitambaa chini yake isiteleze, kisha pitisha mpira kimsalaba kwenye pembe zote nne. Kabla ya kupanda, vuta breki zote mbili, geuza usukani kulia na kushoto, inua gurudumu la mbele uliachie lianguke. Tahadhari kabla ya hatari. Hayo nakupa kwa diploma yangu. Hili nakupa kwa mkono wa mama, ambao haukunyooka tena: fundo lako liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, na moyo wako uwe tayari kulivuta. Simu ikianguka, iache ianguke; kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mungu akutangulie kwenye kila mteremko, na yule uliyembeba ashuke kwa miguu yake mwenyewe, akikushukuru.