Primu ya Kaburi la Bihambwe

Siku yangu ya kwanza kazini pale Masisi, Bwana Doktere alinipa glavu, utepe wa kupimia na daftari, akasema, "Wewe utasoma wafu. Wagonjwa iko na watu wengine." Nilikuwa muuguzi kijana mwenye viatu vipya. Kazi ilikuwa kumkagua maiti, kuandika amekufa kwa nini, kisha Doktere anatia sahihi. Bila karatasi hiyo serikali haikukubali kwamba mtu amekufa.

Vijana huniuliza tulilipwaje. Mshahara ulikuwa ule ule wa muuguzi yeyote, pamoja na posho ya maharagwe na chumvi. Kilichoupandisha ni primu, yaani nyongeza ya kila maiti. Maiti wa hospitalini alikuwa na primu ndogo. Wa mbali, kama wale wa msitu wa Walikale, primu yao iliongezeka kwa siku za kutembea. Aliyekwisha kuzikwa ndiye aliyelipa kuliko wote, kwani hakuna aliyetaka kufukua. Ila nikifukua nisikute mtu, silipwi hata senti. Nakiri niliwapenda waliozikwa.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, shimo la madini liliporomoka Walikale. Kampuni ikatoa maiti zake, ikasema mchimbaji mmoja wa kijiji cha Bihambwe hakuwamo, ametoroka. Mke wake akashikilia kwamba amekufa na kaburi liko nyumbani. Kama ni kweli, angepata fidia ya kulelea watoto wake wawili. Kama ni uongo, angefungwa. Doktere akanituma nikaangalie.

Askari niliyekwenda naye aligoma kulikaribia kaburi, akabaki barabarani. Nikachimba mwenyewe katika manyunyu, yule mama akinitazama. Nikaufikia mkeka wa kuzikia, nikaufungua. Ndani kulikuwa na shina la mgomba, limevishwa shati la mwanaume, vifungo vyote vimefungwa. Lilikuwa limekaa ardhini miezi mitatu na halikuoza. Kisu changu kilipoligusa lilitoa maji, nikakirudisha nyuma upesi.

"Pima, Papa," mama akasema taratibu. "Njo yeye, bwana yangu. Mwili ilibakia mu shimo, basi tulimuzika hivi, roho isizungukezunguke."

Desturi hiyo niliijua, hata kwetu ilikuwapo. Lakini yule mama aliinama akaifuta tope kola ya shati, kwa kidole kimoja, kama shingo ingali inasikia. Niliogopa, nikamhurumia, nikaiwaza na primu. Siwezi kusema kipi kilitangulia. Nikalipima shina toka juu mpaka chini. Nikaandika: mwanaume, mtu mzima, amepondwa na udongo. Doktere akatia sahihi. Mama akapata fidia, mimi nikanunua mbuzi.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Kirotshe. Mchana mmoja mtu mwembamba aliingia, akaketi mbele ya meza yangu, akataja jina lake. Lilikuwa jina lile nililoliandika.

"Nilitoroka mbele shimo ianguke," akasema. "Sasa nimerudia kwangu. Bibi yangu ananiona, hajibu. Anawekaka chakula ya watoto, mimi ananipita tu. Anasema bwana yake iko mu kaburi. Papa, wewe njo uliniandika. Uniandike tena muzima."

Nikamweleza ukweli. Nikimwandika hai, mkewe ataingia gerezani kwa ajili ya ile fidia, nami nitamfuata. Aliitandaza mikono yake mezani, akaitazama.

"Uliona nini mule mu kaburi?" akauliza.

"Wewe," nikamjibu.

Akainuka, akatoka bila kuaga. Sikusikia tena habari zake, wala sikuuliza.

Sasa nimestaafu. Pensheni ilihesabiwa kwa miaka ya kazi, primu hazikuingizwa. Mkiniuliza kama kazi ya maiti ililipa, nasema ililipa. Wafu niliowaandika ni wengi, na hakuna aliyewahi kunidai kitu. Yeye peke yake ndiye aliyekuja kwa miguu yake kuniomba uhai wake, nami niliweza kumpa, nikamnyima.