Jiwe la Nchagwa Jikoni kwa Agustina

Kanisa la maofisa wa Kijerumani, lililojengwa kilimani Nyambureti mwaka 1911, halikuwahi kuwa la wenyeji. Wenyeji walibeba mawe. Nyimbo walizisikia wakiwa nje. Vita vilipokwisha, mabati na milango vilichukuliwa. Zilibaki ngazi saba na msingi uliofika magotini.

Kando ya ngazi hizo alizikwa mwashi Nchagwa, aliyeangukiwa na ukuta. Wenzake walichonga jina lake na mwaka kwenye jiwe la msingi. Alama nyingine ya kaburi haikuwekwa. Mjukuu wake, Agustina Mwikwabe, mwenye miaka sabini na mmoja, anaishi hatua arobaini kutoka hapo.

Miaka tisa iliyopita waponda kokoto walianza kung'oa msingi. Agustina, asiye na nguvu ya kuwazuia, alilibingirisha jiwe hadi jikoni kwake, akalifanya figa. Katika kaya za huko hakuna anayethubutu kugusa figa la mama mwenye nyumba akiwa hai. Maandishi aliyageuzia ndani, kwenye moto, wezi hao wa mawe wasiyaone.

Juni mwaka huu mkandarasi wa barabara alipewa kilima chote. Ofisi ya wilaya ilikubali kuziacha ngazi na kaburi iwapo ungepatikana uthibitisho ulioandikwa kwamba hapo amezikwa mtu. Afisa mmoja, Sadock, alitumwa kuuona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ingia, babu yangu yuko jikoni."

Moto uliondolewa, jiwe likaachwa lipoe, kisha likageuzwa. Uso wake wote ulikuwa umebanduka magamba. Agustina alilipangusa kwa kanga, akalimwagia maji, akalipangusa tena. Wifi yake Frida, aliyesimama mlangoni, alisema taratibu, "Kumbe miaka yote hii tumempika mzee." Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Sadock aliuliza kama kuna picha. Haikuwapo. Agustina akakishika kidole cha afisa huyo, akakiweka juu ya jiwe.

"Pitisha polepole, baba. N ilianzia hapa."

Alipitisha mara mbili. Kisha akaomba radhi, akaandika kwenye fomu kwamba maandishi hayakuonekana.

Greda lilipanda kilima Alhamisi. Agustina alikuwa amekaa kwenye ngazi ya tatu tangu alfajiri. Frida na mwanamke mwingine walimshika makwapani, wakamwinua.

Tangu siku hiyo anapikia kwa Frida. Jiwe la babu yake hakulirudisha motoni; kwake yamebaki mafiga mawili.