Winchi ya Kivuko cha Lusubi

Niliondoka kwetu kwa sababu ya mama mmoja aitwaye Rasoa, mkunga wa zahanati yetu, ambaye kwa miaka miwili alikataa kupanda gari ninayoendesha mimi. Zahanati iko upande huu wa mto Lusubi, na nusu ya akina mama wanaozaa wako ng'ambo. Wakati wa kiangazi Rasoa alivuka kwa miguu. Masika yakianza, kivuko kinageuka uji, na akina mama wa ng'ambo wanazaa na Mungu peke yake.

Simlaumu. Mume wake Andarea, aliyekuwa dresa wetu wa kufunga vidonda, alikufa kwa sababu ya kivuko hicho siku niliyokuwa naendesha mimi. Lori yetu ya zamani ilizama mpaka mlangoni. Tulikuwa na winchi ya mkono ya kuazima, tukafungia waya kwenye kisiki, tukaanza kuvuta. Kisiki kikapasuka kama jino bovu, kipande kikaja hewani pamoja na waya. Andarea kilimpata kifuani. Mimi kilinipata gotini, na tangu siku hiyo mguu wangu wa kulia hauendi mpaka uombwe.

Walioua nawajua na nitawataja. Wa kwanza ni Bwana Kelvey wa kinu cha mbao, aliyekata mvule mkubwa uliosimama pale kivukoni tangu enzi za babu zetu, akaacha kisiki kioze. Wa pili ni karani Ezekia, aliyeandika katika kitabu cha barabara kwamba kivuko amekikagua na ni kizima, na baiskeli yake haikupata hata tone la tope. Majina haya nimeyataja kanisani, sokoni na matangani. Rasoa alikuwa ananisikiliza mpaka mwisho, halafu anasema neno moja tu: "Orodha yako haijaisha, Baba Petero." Nilidhani anataka nimuongeze chifu.

Basi kanisa likapata Landrova. Mchungaji Yohana akasema lazima ifungwe winchi yake yenyewe, na akaichague Nairobi mtu aliyeona ubaya wa winchi. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu. Lakini ubaya nimeuona. Jioni Rasoa akanijia barazani.

"Lete winchi ambayo naweza kukaa nyuma yake."

"Nikileta utapanda?"

"Kwanza lete."

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda steshini Butere, nilipita kivukoni nikajaza tope katika mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, nikafunika kwa jani la mgomba. Nilifikiri hivi: fundi wa viatu anataka kuona mguu. Fundi wa winchi atataka kuona tope.

Njiani, ndani ya garimoshi, behewa la daraja la tatu, joto lilikuwa la kuchomea mkate. Mkebe niliupakata kama mtoto mgonjwa. Mama mmoja aliyepandia Kisumu na kuku wake akaniuliza ni dawa ya nini. Nikamwambia ni tope. Akahamisha kuku. Kufika Naivasha, kesho yake, jani lilikuwa limejikunja na tope limepasuka vipande kama tofali lililoanguka.

Jumanne asubuhi, Nairobi, mlango wa steshini, askari akasema, "Kipande." Nikampa kitambulisho changu. "Na hiyo?"

"Tope."

"Tope ya nini?"

"Ya kwetu."

Ndugu msomaji, hizo zilikuwa siku za Hali ya Hatari. Mtu kuingia Nairobi na udongo ndani ya mkebe ilikuwa ni kujitafutia pingu, maana watu walisema kuna viapo vinavyoliwa kwa udongo. Mimi sikujua, kwetu udongo ni udongo. Askari akaniweka kando, akamwita mwenzake, mrefu, asiye na meno ya chini. Huyo akaisoma barua ya Mchungaji, akanusa mkebe, akaniangalia.

"Mulembe," akasema, kwa salamu ya kwetu. "Hii ni ya wapi?"

"Mulembe. Ni ya Lusubi."

"Lusubi!" Alicheka mpaka kofia ikaenda upande. "Ng'ombe za mahari ya dada yangu zilizama Lusubi. Mbili! Mpaka leo yule bwana anasema alizilipa." Akamgeukia mwenzake. "Mwachilie mzee. Hii tope haiwezi kuliwa na mtu. Hii ndiyo inakula watu."

Nje alikuwa ananingoja shemeji yangu Wiklifu, kaka ya mke wangu, mpishi wa Mzungu mmoja huko Loresho. Alikuja na baiskeli ya sokoni, ile yenye kikapu mbele.

"Shemeji! Umekonda kama ufunguo."

"Na wewe umenenepa. Huyo Mzungu anakula saa ngapi?"

"Nikibakisha mimi." Akaweka mkebe kikapuni bila kuuliza, maana ndivyo alivyo, akanipakia kwenye keria. Tukapita katikati ya mji, magari yanatupigia honi, yeye anayajibu kwa kengele. Kwenye kilima cha Chiromo akasimama. "Shuka, shemeji. Mguu wa kushoto haukuumia." Nikashuka, nikasukuma kwa nyuma huku nikimtukana, akafurahi sana. Baada ya Westlands barabara ikaingia katika kahawa, na huko Loresho nyumba zilijificha nyuma ya miti ya blugam mirefu hata shingo inauma. Chumba chake kilikuwa nyuma, cha kitanda kimoja. Kitanda alinipa mimi.

Jumatano, saa tatu, tulisimama mbele ya duka kubwa la magari barabara ya Gavamenti. Kioo chake kilikuwa kisafi hata Wiklifu akarekebisha kola yake ndani yake. Kijana wa Kizungu wa duka alisoma barua, akatukaribisha vizuri, ila mkebe akasema ukae nje. Akatuonyesha winchi mbili. Moja ilikuwa ngoma ndogo ya chuma iliyosimama wima, ya kufungwa mbele ya bampa. Inazungushwa na injini, unaizungushia kamba ya katani, na mtu anashika mkia wa kamba. Ya pili ilikuwa ngoma ya kulala, ina waya wake umejikunja ndani, nene kama kidole gumba.

"Hii ya waya ndiyo yenye nguvu," akasema. "Inavuta hata nyumba."

Moyo wangu ulikwenda pale pale kwa ile ya waya. Nilitaka kubwa. Nilitaka kitu ambacho Rasoa akikiona tu ataingia garini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo, Wiklifu akanivuta koti. "Shemeji, hata nyama tunaibonyeza kwanza. Twende kwa Harnam."

Saa sita tulikuwa barabara ya Grogan, kwa fundi Harnam, Kalasinga mnene aliyekuwa chini ya lori, kilemba chake kimejaa vumbi. Ndiye aliyekuwa akitengeneza gari ya Mzungu wa Wiklifu. Nilipotaja winchi hakuniuliza gari gani. Aliuliza, "Tope namna gani?"

Ningemkumbatia! Nilikimbia na mguu wangu huu huu kuleta mkebe. Akachungulia. "Hii tofali." Akachukua birika, akamimina maji, akakunja mikono ya shati, akaanza kukanda tope la Lusubi kama mtu anayekanda unga wa chapati. Mafundi wake wakaacha kazi kutazama. Alikanda, akavuta, likashika vidole vyake na kukataa kuachia.

"Hii mbaya sana," akasema kwa heshima. "Kama hii tope iko karibu, mbuga ya Ngong Road. Twende."

Alasiri alitupeleka kwa Landrova yake, yenye ile ngoma ya kusimama mbele, mpaka uwanda ulio karibu na uwanja wa maonyesho, pale panapoitwa Jamhuri siku hizi. Palikuwa na bwawa la kunyweshea ng'ombe na udongo mweusi. Akaingiza gari kwa makusudi, ikazama mpaka ekseli. Akazima, akakunja mikono.

"Haya. Wewe nafunga."

Nikachukua kamba. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Majani matupu mpaka mwisho wa macho.

"Mti iko wapi?" akauliza.

"Hakuna."

"Kwako iko?"

"Ulikuwepo. Bwana Kelvey wa kinu cha mbao aliukata." Na mimi nikishaanza huwa sisimami. Nikamweleza yote: Kelvey na mvule, Ezekia na kitabu chake, Andarea, kipande cha kisiki. Harnam alisikiliza vizuri, anajipangusa tope.

"Huyo Kelvey nafunga waya kwa kisiki?"

"Hapana."

"Karani nafunga?"

"Hapana."

"Sasa nani nafunga?"

Wiklifu akatazama viatu vyake. Jambo hili sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu. Andarea alikigonga kile kisiki kwa ubapa wa panga. Akasema, "Ndugu, hiki kinalia kitupu." Mimi nikamwambia, kaza, tumechelewa. Kisha nikakifunga kwa mikono yangu.

"Mimi," nikasema.

Nilingoja aniambie pole. Alikwenda nyuma ya gari akarudi na sepeto, akanipa. "Chimba."

Nikachimba shimo refu lililokingama njia ya kamba, kina cha kufika kiunoni. Akafungua gurudumu la akiba, akapitisha kamba katikati yake, akaipingia mtaimbo kwa nyuma, tukalisimamisha shimoni na kulifukia, na mbele tukaacha mfereji mdogo wa kupitisha kamba. "Mti hapana, zika gurudumu," akasema. Tukalishindilia kwa miguu, sisi watatu, kama watu wanaocheza ngoma.

Akaniita mbele ya gari. Injini ikaachwa ikinguruma polepole, nikazungusha kamba mara tatu kwenye ngoma, nikashika mkia. Kamba ikakaza. Halafu ikaanza kulia, kri, kri, kama mlango wa zamani.

"Sikia," Harnam akasema. "Sasa wewe achia kidogo." Nikalegeza, ngoma ikazunguka bure, kamba ikanyamaza. "Kamba nalia kwanza. Waya hapana lia. Waya nakata tu. Na waya ni ile iko ndani ya ngoma, basi. Kamba wewe nanunua refu kama mto yako."

Nikavuta tena, pole. Gari ikatoka inchi kwa inchi, na gurudumu chini ya ardhi halikujongea. Sioni haya kusema machozi yalinitoka. Harnam akajifanya anatazama ng'ombe.

Alhamisi nikarudi duka la barabara ya Gavamenti nikachagua ile ndogo ya kusimama, na kamba ndefu. Yule kijana akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia hakika ninayo, ninachotafuta ni sepeto nzuri.

Ijumaa, kuondoka, Wiklifu akaleta mkebe wangu. Tope la Lusubi lilikuwa bado limo, bichi, na juu yake alikuwa amepanda miche miwili ya blugam iliyoota yenyewe chini ya miti ya Loresho. "Usirudi na mkebe mtupu, shemeji. Na hii inakua haraka kuliko watoto wako." Steshini nikamkuta yule askari mrefu. Alitazama mkebe, akatazama sanduku la winchi, akapiga saluti.

"Naona tope imezaa. Pita, mzee."

Wiki tatu baada ya kurudi, winchi imeshafungwa kwenye Landrova, masika yakaanza. Asubuhi moja wakaita kutoka ng'ambo: mama amelemewa na uchungu. Nilivuka kwa miguu, maji mapajani, nikazika gurudumu ukingo wa pili, nikarudi na ncha ya kamba. Rasoa alikuwa amesimama ukingoni na mkoba wake, karibu na ile miche miwili ya blugam niliyokuwa nimeipanda pale.

"Umefungia wapi?"

Nikamwonyesha kichuguu cha udongo mpya ng'ambo. "Mama Rasoa," nikasema, "orodha imeisha. Jina la tatu ni langu. Andarea alikigonga kisiki, akaniambia ni kitupu, na mimi nikafunga."

"Aliishi mpaka jioni, Baba Petero. Alinieleza." Kisha akafungua mlango, akaweka mkoba kitini, akapanda. "Tusimchelewee mama wa watu."

Katikati ya mto tulizama, kama kawaida. Nikashuka topeni, nikazungusha kamba, nikashika mkia. Yeye alikaa nyuma ya kioo, nyuma ya winchi, macho yake kwangu. Kamba ikalia. Nikalegeza. Tukasikiliza wote wawili mpaka iliponyamaza, nikavuta tena, na tukafika kabla ya mtoto.

Kelvey na Ezekia sijawafuta, wako pale pale. Nimewasogeza tu nipate nafasi ya kukaa nao. Na mtu akija kuniuliza winchi gani ni nzuri, maana sasa wanakuja, namuuliza kwanza mti uko wapi na nani anafunga. Ile miche miwili sasa ni miti mikubwa. Bado sijaifungia kitu. Lakini kila nikipita nasimama, naigonga kwa ngumi, nasikiliza.