Kitabu Nyuma ya Vitabu vya Nyuki

Likizo ni ya watu wenye vitabu nyumbani. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno, na asiyekubali amuulize Kahindo Annie, aliyepanda kilima cha chuo kikuu juma la Noeli, jasho likimtiririka chini ya kitambaa cha kichwa, akafika mbele ya mlango wa maktaba na kukuta kufuli. Kufuli kubwa, na karatasi imebandikwa juu yake: maktaba imefungwa mpaka baada ya Bonane, yaani Mwaka Mpya. Na mitihani je? Mitihani inaanza siku moja tu baada ya maktaba kufunguliwa. Hao waliokaa wakapanga kalenda ile, sijui walikuwa wamekula nini siku hiyo.

Annie hakukasirika. Hasira nayo inataka nguvu. Alikaa kwenye ngazi ya simenti, akavua viatu, akaanza kujikanda nyayo. Asubuhi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mchana mwanafunzi wa sheria, jioni mama wa nyumba iliyofurika. Mume wake, Grégoire, alikuwa Mongbwalu kwenye machimbo ya dhahabu na alirudi alipojisikia. Wifi yake, Vahwere, alikimbia mapigano ya Komanda akaja na watoto na magodoro, akasema ni kwa wiki moja, na wiki ile haijaisha hadi leo. Si kwamba walimlaumu. Nyumba gani mjini Bunia haina wageni wa namna hiyo? Ila jaribu wewe kusoma sheria ya ardhi huku watoto saba wanagombania sahani moja ya maharagi, uone kama utapita ukurasa wa pili.

Sheria ya ardhi ndiyo iliyokuwa imemshika koo. Alikuwa ameshaanguka kozi ile mara mbili. Akianguka ya tatu, chuo kinamfuta, na miaka yote ya kutembea na njaa inakwenda na maji. Mwalimu wa kozi alikuja kutoka Kisangani, akafundisha wiki moja mbio mbio kama mtu aliyeacha chungu motoni, akaondoka bila kuacha hata karatasi. Alisema tu: "Kila kitu iko mu kitabu moja." Na kitabu chenyewe, kwenye maktaba nzima, kilikuwa kimoja. Hakitoki nje. Simu zinaachwa mlangoni, hivyo hakuna kupiga picha. Vijana walikuwa wanakikamata asubuhi, wakati Annie anafundisha watoto wa watu kugawanya. Akifika mchana, anakiona kimelala chini ya kiwiko cha mtu.

Ndiyo maana alifanya alichofanya. Siku mbili kabla ya kukuta lile kufuli, alibahatika kukishika dakika za mwisho, Papa Tharcisse, mlinzi wa maktaba, akiwa ameshaanza kugonga meza kwa funguo ili watu watoke. Annie aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Kisha akainama, akakisukuma nyuma ya vitabu vya ufugaji wa nyuki, rafu ya chini kabisa, mahali ambapo vumbi lilikuwa limekaa miaka bila kusumbuliwa. Alijiambia atarudi kesho kukisoma kwa raha. Kesho yake mtoto wa Vahwere akapandisha homa, na kurudi kukashindikana.

Sasa yuko kwenye ngazi, viatu mkononi, na Trésor huyo anakuja. Trésor alikuwa mkubwa wa darasa lao, kijana mwembamba mwenye haraka hata akiwa amesimama.

"Mama Annie! Weye ulikuwa wapi jana? Kitabu ya ardhi imepotea!"

"Imepotea namna gani?"

"Imepotea tu! Jana si ilikuwa siku ya kutoa vitabu?"

Annie hakujua kitu kama hicho. Angejulia wapi, yeye ambaye hufika wengine wakiwa wanaondoka? Trésor akamweleza, huku akishangaa kwamba kuna mtu asiyejua. Kila likizo, siku ya kufunga, Papa Tharcisse anamwachia kila mkubwa wa darasa kitabu kimoja, kile litakachochagua darasa lenyewe. Mkubwa anaweka rehani kadi yake ya kura, ambayo ndiyo kitambulisho chake, anakwenda na kitabu nyumbani, na wote wanakuja kwake kupiga picha kurasa zote. Hivyo ndivyo watu wa chuo kile wanavyopita mitihani tangu zamani. Darasa lao lilichagua kitabu cha ardhi. Walipokwenda kukichukua, mahali pake palikuwa patupu.

Annie alipiga hesabu. Kumbe angeacha kitabu mahali pake tu, leo kingekuwa kwenye simu ya kila mtu, na yake pia.

"Na Papa Tharcisse, anasema nini?"

"Aseme nini? Ametafuta mpaka akachoka. Patron yake, mukubwa wa maktaba, amemwambia: kitabu haionekane, weye haupande gari. Na muzee alikuwa na safari ya Mahagi, maskini. Wanabatiza mujukuu yake ku Noeli. Mutoto anapashwa kubeba jina yake."

"Si watamubatiza hata yeye haiko?"

"Apana. Ku familia yao, mwenye jina anamushika mutoto yeye mwenyewe. Asipofika, wanamupa jina ya mutu mwingine. Na magari ya Mahagi inaondoka kesho asubui, zote pamoja na askari, juu njia haina usalama. Kisha hakuna ingine mpaka kiisha sikukuu."

Hapo ndipo pa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini mawazo mengine yalimpitia kichwani, na sitamsafisha, kwa sababu yalimpitia kweli: akinyamaza, siku ya kufungua maktaba ni yeye peke yake atakayejua kitabu kilipo. Atakisoma mchana wote bila mtu kumpumulia shingoni. Akisema, ataitwa mwizi, yeye mwalimu mzima, mbele ya vijana ambao angeweza kuwafundisha kusoma. Akavaa viatu.

"Mungu atasaidia," alisema.

Ee, Mungu. Tunapenda sana kumtwisha Mungu mizigo tuliyoifunga wenyewe kamba.

Usiku ule hakulala vizuri, na alipoamka alijiambia atakwenda kwa mzee mapema. Kwanza akateka maji. Kisha akawasha makaa, akapika uji, akamkanda mtoto mwenye homa, akafua nguo ambazo zingeweza kungoja. Vahwere alimtazama, akasema, "Wifi, leo unakimbia nini?" Annie akachukua nguo nyingine. Mficha uchi hazai, wanasema wazee, na yeye aliendelea kufua mpaka jua likapanda. Alipofika mtaa wa Mudzipela kwa Papa Tharcisse, nguo zote za nyumba zilikuwa safi.

Alimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango. Alikuwa amevaa shati jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Begi lilikuwa miguuni pake, na juu ya begi mfuko wenye kanzu ndogo nyeupe ya ubatizo.

"Hodi, Papa."

"Karibu. Maktaba imefungwa."

"Najua, Papa. Magari ya Mahagi..."

"Imeondoka." Alitikisa mkono kama anayefukuza inzi. "Nilisikia inapita. Sema shida yako, mama, nimechoka."

Annie alibaki amesimama. Hakuna aliyempa kiti, na hakukitaka.

"Papa, ile kitabu ya ardhi. Ni miye niliificha."

Kuku mmoja alipita kati yao, akadonoa mkanda wa begi, akaondoka.

"Iko wapi?"

"Nyuma ya nyuki."

"Nyuki gani?"

"Vitabu vya nyuki. Ku rafu ya chini."

Papa Tharcisse alifumba macho. Alikuwa amepekua vitabu vyote vya sheria kimoja kimoja, na vya historia, na vya dini. Nani angewaza nyuki?

"Ulijua lini ya kama miye naitafuta?"

Lilikuwa swali ambalo Annie aliomba asiulizwe. "Jana. Trésor aliniambia."

"Jana," alisema mzee, "magari ilikuwa haiyaondoka."

"Ndiyo, Papa."

Hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Aliingia ndani, akatoka na funguo, wakatembea, yeye mbele na Annie nyuma, mpaka chuoni. Ndani ya maktaba kulikuwa na giza na harufu ya karatasi zilizolala. Annie akapiga magoti, akapenyeza mkono nyuma ya vitabu vya nyuki, akakivuta. Lakini mkono ulikuwa umegusa kitu kingine. Alivuta tena: kitabu cha katiba. Tena: kitabu cha uhasibu, kimekunjwa ukurasa alipoishia mtu.

Papa Tharcisse alivitazama vitatu vile sakafuni. "Kumbe hauko peke yako," alisema, na kwa mara ya kwanza midomo yake ikafanya kitu kilichokaribia kicheko. Kisha simu yake ikalia.

Alikuwa Vicky, binti yake, mama wa mtoto. Maktaba ilikuwa tulivu, kila neno lilisikika. Katekista anaandika majina leo, hawezi kungoja tena. Wamezungumza na wakwe. Babu wa upande wa pili yupo, yeye ndiye atamshika mtoto.

"Basi ataitwa nani?"

"Antoine, Papa. Usikasirike."

"Sikasirike. Antoine ni jina muzuri." Alisikiliza kidogo. "Kanzu nitatuma. Kama haitamufika na Noeli, atavaa siku ingine." Akazima simu, akaitazama muda, akairudisha mfukoni.

"Papa, naomba unisamehe," Annie alisema.

"Nitakusamehe, mama. Si leo." Akanyoosha mkono. "Lete kadi ya kura. Unaenda na hii kitabu, unawaita wenzako wote. Sheria ni ile ile."

Walipotoka nje wakakutana na Trésor, maana Bunia habari haina miguu lakini inafika kwanza. "Papa! Mumeipata! Ilikuwa wapi?"

Papa Tharcisse alikuwa anafunga kufuli. Hakugeuka. "Ilikuwa mule mule. Macho yangu imezeeka."

Annie alishika kitabu kwa nguvu na kunyamaza. Nisikudanganye: alinyamaza, na alishukuru.

Mchana ule darasa zima lilimwagika nyumbani kwake. Vahwere aliwatoa watoto nje, akakalisha wageni juu ya magodoro, juu ya bido za plastiki za kutekea maji, zilizolazwa, juu ya kizingiti. Annie alikalia kigoda karibu na dirisha, penye mwanga, kitabu juu ya mapaja, akikandamiza ukurasa kwa viganja ili usijikunje. Mtu anapiga picha, mwingine anasogea. Ukurasa, picha, ukurasa, picha. Yeye mwenyewe hakusoma hata mstari mmoja. Mabega yalimuuma, macho yalimwasha, na bado hawakuwa wamefika nusu.

"Ila ule muzee," alisema Trésor, akisubiri zamu yake, "kweli wamupumzishe. Kitabu iko mbele yake na haione! Kiisha sikukuu tuende kwa patron yake, tuseme wamuweke mutu kijana."

Watu wakacheka. Carine, msichana mpole wa viti vya nyuma, naye alicheka. Mmoja akamwiga Papa Tharcisse akipapasa rafu kama kipofu, na kicheko kikazidi.

Annie aliwaza shati lile lenye mikunjo ya dukani. Alichoka. Nasema alichoka kwelikweli, kuliko siku zote za mwaka ule, na alichochoka nacho zaidi ni kuendelea kuficha.

"Macho yake ni mazuri," alisema. "Ni miye niliificha. Niliitia nyuma ya vitabu vya nyuki ili nisome peke yangu. Na weye, Trésor, jana uliponiambia safari yake, nilijua, na nikanyamaza mpaka magari ikaondoka."

Kicheko kilikufa. Trésor alishusha simu yake.

"Na muzee alijua?"

"Nilimwambia. Alijua tayari pale alipokuambia macho yake imezeeka."

"Na mutoto?"

"Wamemuita Antoine."

Vahwere, mlangoni, aliweka mkono mdomoni. Carine alikuwa ameacha kuangalia watu, anaangalia viatu vyake, na karibu na kizingiti kijana mmoja pia alikuwa ameinamisha kichwa. Nyuma ya nyuki vilikuwa vitabu vitatu; mimi siongezi neno hapo.

Annie alifungua ukurasa uliofuata, akaukandamiza kwa viganja viwili.

"Pigeni picha," alisema. "Jua inaenda."