Betri Iliyoisha Saa Sita

Kwa miaka mitatu, mtu wa mwisho kunisemesha kila siku alikuwa binti yangu, na wala hakutumia mdomo. Alinitumia picha ya mikono miwili inayopiga makofi. Ilinifikia kwenye saa ya mkononi mnamo saa moja jioni, nikiwa nimefunga duka langu katika soko la Kikuubo na kurudi nyumbani Kansanga, miguu yangu ndani ya beseni la maji ya moto. Nikishaiona, nilikausha miguu nikapika.

Saa yenyewe aliniletea yeye kutoka Nairobi, siku za matanga ya baba yake. Aliifunga mkononi mwangu mwenyewe, akaiunganisha na simu yangu na yake. Ikawa kila hatua ninayopiga Kampala, yeye anaiona kule. Nikitimiza elfu nane, makofi. Nauza ndoo, beseni na majagi kwa jumla, na stoo yangu iko ghorofa ya tatu, kwa hiyo elfu nane si kazi. Ila sikumwambia. Nilipenda kupongezwa.

Kisha Jumapili moja akapiga simu, akasema nifunge duka kabisa, niache Kampala nirudi kwetu. "Mama, uko peke yako huko. Hata ukianguka, nani atajua?" Alisema kweli, na kweli ile iliniuma. Nikamjibu, "Sijakuomba unichunge. Mimi si mbuzi." Akasema, "Sawa, Mama," polepole, kama baba yake alivyokuwa akisema alipokuwa amechoka na mimi, akakata.

Kesho yake saa ikaniuliza kama nairuhusu isasishe programu zake. Nikabonyeza ndiyo, kama ninavyobonyeza ndiyo kila mahali ili niachwe kwa amani. Kuanzia Jumanne, betri iliyokuwa ikifika hadi asubuhi ya pili ikawa inakata roho saa sita mchana. Na makofi yakakoma.

Waswahili wanasema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi nilisingizia betri. Nilijiambia, saa imezimika saa sita, hatua hazijatimia, mtoto atapigia nini makofi? Hana kinyongo, hana cha kuona tu. Maelezo hayo yalinifaa sana. Niliyalalia na kuamka nayo.

Nikaanza kutafuta dawa. Niliizima na kuiwasha. Nilipunguza mwanga mpaka nikawa nasoma namba kwa kukisia. Nilifuta programu ya hali ya hewa, ambayo Kampala hata huihitaji, unatazama juu tu. Nikasoma mahali kwamba baada ya kusasisha, saa huhitaji siku kadhaa kujipanga, basi niiache. Nikaiacha wiki mbili. Kuichaji dukani nilijaribu pia, lakini saa iliyo kwenye waya haihesabu hatua za mtu, na Kikuubo kitu kidogo ukikiweka mezani umekitoa sadaka.

Kumpigia mwanangu hakukuwa miongoni mwa dawa nilizojaribu. Nilikuwa na hakika kwamba mtoto ndiye anayemtafuta mzazi. Jioni nilikaa na miguu ndani ya beseni hadi maji yakapoa, nikitazama kioo cheusi mkononi. Nilikuwa mpweke, na sikutaka hata kuta zijue.

Wiki ya nne nikaipeleka kwa fundi wa simu hapo Kansanga, mwanamke mwenye kibanda cha vioo karibu na duka la dawa. Baba yake alikuwa polisi kutoka kaskazini, yeye akakulia kambini, na Kiswahili chake ni kile cha kambi, ambacho mimi, wewe na yeye wote ni "na". Nilipoanza kufungua kitambaa cha kitenge nilichojifunga mkononi, akaacha kazi aliyokuwa akifanya akanitazama, akaniita bibi kwa Kiganda.

"Nyabo, mkono naumwa?"

Nikamweleza kwamba ndivyo tunavyovaa sisi wa Kikuubo. Pale watu wanapita kifua kwa kifua, na mkono wa mtu ni mwepesi. Saa unaifunika kwa kitambaa, unakifunga fundo, na anayekuona anadhani umeteguka.

Akaibonyezabonyeza, akanionyesha orodha ya vinavyokula betri. Kioo ndicho kilichokula karibu yote. Kisha akaacha kioo kizimike, akaifunika saa kwa kitambaa changu mwenyewe, akakivuta kidogo. Maua ya kitenge yakang'aa kutoka chini. Akakivuta tena, yakang'aa tena.

"Naona? Hii saa hakuna gonjwa. Ile update naleta kitu mupya, ukigusa kioo tu, nawaka. Sasa hii kitambaa naigusa siku muzima. Nawaka, nawaka, mpaka nakufa."

Alizima hicho kitu kipya kwa kidole kimoja. Wiki nne zangu zote zilikuwa kitambaa. Nilicheka, na yeye akacheka, na nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyetoka kupokea barua.

Siku iliyofuata nilifika jioni saa ikiwa na asilimia themanini. Hatua elfu tisa. Nikachemsha maji, nikakaa, nikaweka mkono juu ya goti. Saa moja ikapita. Nikala bila hamu. Siku ya pili nilishuka barabara ya Ggaba na kuipanda tena bila safari yoyote, ili ziwe elfu kumi na mbili. Hakuna kitu. Siku ya tatu saa ilikuwa nzima kabisa, inahesabu, inatuma, na mimi sikuwa tena na jua la kusingizia.

Nikampigia.

"Mama," akasema.

"Hatua zangu unaziona?" nikamuuliza. Sikujua kuanza vingine.

"Niliifuta ile programu, Mama. Kitambo. Baada ya yale maneno nikawa naona unaivua saa sita. Kila siku, saa sita, unaivua. Nikasema basi, Mama ameshaniambia hataki kuchungwa, na sasa ananionyesha. Ilikuwa inaniuma kuangalia."

Nilitaka kusema haraka kwamba ilikuwa betri. Nikasema. Nikamweleza kitambaa, fundi, maua yanayong'aa, mpaka nikamsikia akivuta pumzi kama anayetaka kucheka. Lakini lile neno la mbuzi halikuwa betri, na tulijua wote wawili. Lile nililitoa mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa na chaji kamili.

"Nirudishe kwenye simu yako," nikamwambia. "Nichunge."

Nikasikia magari ya Nairobi yakipita upande wake.

"Nipe siku kidogo, Mama," akasema. "Sijakaa sawa."

Nikamwambia asiwe na haraka, betri sasa inakaa siku tatu.