Shati la Mkono Mmoja

Shati la kwanza nililoshona maishani lilikuwa la mume wangu, na lilikuwa na mkono mmoja tu.

Alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga huko Rujewa. Msimu wa mavuno mkanda wa mashine ulinasa mkono wa shati lake, ukamvuta. Nilimkuta hospitalini Mbeya, blanketi limebonyea upande wa kulia. Muuguzi alinikabidhi nguo zake ndani ya mfuko wa rambo. Sikuufungua.

Tuliporudi nyumbani Iringa, baridi ilikuwa kali. Shati la mikono miwili alilikataa. Ule mkono mtupu ukimgusa ubavuni, alishtuka kama aliyeungua. Mashati yake yote akawagawia wadogo zake. Akawa anashinda ndani amejifunga kitenge changu, na wageni wakija anageukia ukutani.

Marehemu mama aliniachia cherehani ya kukanyaga, lakini mimi nilijua kupinda mapazia tu. Nikaenda mjini kwa bibi mmoja wa Kihindi anayeuza vitambaa, nikamweleza shida yangu.

"Mwanangu, shati hulijui mpaka ulifumue," alisema. "Chukua lake la zamani. Fumua taratibu, uone kila kipande kilivyokatwa."

La zamani lilibaki moja tu, lile la kwenye rambo. Hospitalini walilikata kwa mkasi, na damu ilikuwa imekauka mgongoni. Nilililoweka, nikalifua, maji yakawa mekundu, nikamwaga, nikafua tena. Kisha nikakaa nalo mlangoni na wembe, nikifumua uzi mmoja mmoja. Nililia nilipofika kwenye kola, maana ilikuwa bado imekunjika vile alivyozoea kuikunja.

Vile vipande nikavilaza juu ya kitambaa kipya, nikachora kwa chaki, nikakata. Nilipoanza kukanyaga cherehani, alitokea chumbani, akasimama ameshika ukuta. Macho yake yalikuwa chini, kwenye mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu.

"Simamisha," alisema. "Mama watoto, nakuomba, simamisha."

Jasho lilikuwa linamtiririka. Nikaihamishia cherehani jikoni, kando ya kuni, nikawa nashona mlango umefungwa. Kola ya kwanza ilipinda kama sikio la mbuzi. Ya pili ikavimba upande mmoja. Nilifumua, nikarudia, mpaka ikalala shingoni. Bega la kulia nililifunga kwa mshono bapa, pasiwe na kitu cha kuning'inia.

Alilivaa. Vishikizo alihangaika navyo kwa mkono wa kushoto, kila kimoja kikamponyoka.

"Haya, nifungie," alisema, akatazama juu kama mtoto anayenyolewa.

Baada ya wiki kadhaa alipanda basi kwenda Rujewa kuwaomba wenye mashine kazi ya ulinzi palepale. Nilimnyooshea shati lile mwenyewe. Alirudi kesho yake jioni, akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Wamesemaje?" nilimuuliza.

"Wamesema shati limenikaa vizuri."

"Na kazi?" nikamuuliza. Akajilaza hivyo hivyo, akanipa mgongo. Nikamvua viatu, nikamfunika, nikaenda kupasha ugali ambao hakuna aliyeula.