Bawasiri, Si Kichwa

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mume wangu alibaki kwenye kazi yake Jinja, nami nikaenda kwa mama mkwe huko Nabuyonga, Mbale, anitunze. Choo kilikuwa kigumu, na kila nikienda nilitokwa damu kidogo na kuumia sana.

"Nyamaza," mama mkwe aliniambia. "Watu wakiuliza, sema kichwa kinakuuma. Hiyo ni aibu."

Sikunyamaza. Nilikwenda hospitali, nikamweleza daktari kila kitu. Alinipima, akasema ni bawasiri, mishipa iliyovimba kwa ujauzito na kwa kujikamua. Nile mboga na mapapai, ninywe maji mengi, nikalie maji ya uvuguvugu. Damu isipokoma upesi, nirudi.

Siku hiyohiyo wanawake wa jirani walikuja kumwona mtoto. Walipoona nimebeba karai la maji, mama mkwe akawahi kusema, "Kichwa kinamsumbua."

"Si kichwa, mama," nikasema. "Ni bawasiri. Natokwa damu chooni, na sasa naenda kukalia maji haya."

Mama mkwe alitazama chini. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja wa makamo akaniuliza polepole, "Yawe moto kiasi gani?"

"Kama ya kumwogeshea mtoto," nikamjibu.

Damu ilikoma baada ya siku chache. Mama mkwe alininunia muda mrefu zaidi ya hapo, nami nilikula mapapai yangu mbele yake.